Glavu Ishirini za Dirishani

Naapa kwa miaka thelathini na moja niliyoendesha gari la wagonjwa, na kwa leseni yangu ambayo panya bado hawajaimaliza: habari hii ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Najua watoto wa hapa Kasulo mnanisema. Mnasema Babu Shibuda hakuwahi kusukumwa na kiboko kutoka matopeni kule mto Ruvubu. Haya, ya kiboko yaacheni. Hii ni habari nyingine.

Mwalimu Benedicto, aliyeniomba niiandike kwa ajili ya darasa lake la sita, alisema neno langu peke yake halimtoshi, anataka dhamana. Nikampa. Yeyote atakayenikamata na uongo hata mmoja humu ndani, nitajaza maji lile pipa la kunawia mikono lililoko mlangoni pa idara ya dharura, kila asubuhi, mpaka mvua zirudi. Mnajua hospitali iko kilimani na kisima kiko bondeni. Mzee wa presha haapi kiapo kama hicho kwa mchezo.

Jina la hospitali silitaji. Ugonjwa nao siutaji, maana mimi ni dereva, si daktari. Watu nitawataja.

Adventina alikuwa na miaka kumi na miwili, golikipa wa timu ya wasichana wa darasa la sita. Baba yake alifariki zamani. Aliishi na mama yake, nesi Scholastika wa idara ya dharura, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya hospitali. Chumba cha tatu cha nyumba hiyo kilikuwa cha Kalista, mhudumu wa usafi katika idara hiyohiyo, na Adventina alimwita mama mdogo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Jioni nesi Scholastika akitoka kazini hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akavua viatu vya kazi, akanyoosha mikono, na Adventina akammiminia maji kwa jagi bila kumgusa. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Halafu aliingia bafuni, akabadili nguo, na ndipo waliposalimiana kama wanavyosalimiana kwao Murusagamba: kila mmoja anamshika mwenzake mikono juu ya viwiko, kifua kinakaribia kifua, huku wakiulizana habari za nyumba nzima hadi za mbuzi.

"Mama, mikono yangu ni safi," Adventina alilalamika siku moja, akiwa amechoka kushika jagi.

"Najua. Yangu ndiyo siiamini."

Basi wiki hiyo ninayoisema, mpira wa timu ulipasuka, na Ijumaa kulikuwa na mechi dhidi ya darasa la saba. Mpira wao walitengeneza wenyewe. Walipuliza kitu cha kuwa kibofu, wakakizungushia mifuko laini, kisha matambara, kisha kamba za mgomba zilizosukwa zikabana kila kitu. Kibofu ndicho roho ya mpira. Bila kibofu hauruki, unaanguka puu kama kiazi.

"Glavu ndiyo kibofu kizuri," alisema Happyness, mshambuliaji wao, msichana mwenye maneno. "Wewe mama yako ni nesi. Kwenu glavu ni kama majani ya mgomba."

"Mama haleti vitu vya hospitali nyumbani."

"Basi Ijumaa utadaka boga."

Wenzake wakacheka. Adventina hakucheka.

Kila siku akitoka shule alipitia hospitali kuchukua ufunguo wa nyumba. Jumanne aliukuta mlango wa dharura umejaa watu. Mama yake alimrushia neno kwa mbali: "Kaa kwenye benchi, usiguse kitu." Akakaa. Juu ya benchi hilo kuna dirisha, na kwenye kizingiti cha dirisha ndipo lilipokaa boksi la glavu, ili nesi anayetoka ndani na anayeingia kutoka nje wote walifikie.

Kalista alipita na fagio, akainua kifuniko cha boksi, akahesabu kwa ncha ya kidole.

"Zimebaki ishirini," akasema kwa sauti, kama mtu anayejikumbusha. "Kesho stoo wakifungua nitaleta jipya." Akaenda zake.

Adventina aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akachukua sita, akazisukumiza chini ya madaftari. Alijiambia kwamba glavu huvaliwa mara moja zikatupwa, kwa hiyo kuzichukua ni kama kuchukua takataka mapema kidogo. Niliona yote, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilohilo nikisubiri kupimwa presha.

Na hizo nyingine kumi na nne je? Kunguru. Naapa tena. Mtoto alipoondoka tu na ufunguo wake, alitua dirishani kunguru mkubwa mwenye kola nyeupe, akazichomoa moja moja, akaenda kujengea kiota juu ya mkaratusi. Kunguru wa hospitali wana akili kuliko makarani. Boksi akaliacha tupu, kifuniko kimefungwa vizuri.

Usiku ule hakuletwa mgonjwa. Nesi wa zamu aliandika kwenye daftari la makabidhiano, "Kila kitu kipo." Boksi hakulifungua.

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nesi Scholastika alimenya ndizi za mchana. Kisu kikateleza, kikamkata kidogo kwenye kidole gumba. Alikinyonya kidole, akacheka.

"Ndizi hii imekataa kuliwa."

"Funga kitambaa, mama."

"Kidonda gani hiki? Nitavaa glavu huko."

Adventina aliinamisha macho kwenye uji wake. Begi lilikuwa miguuni pake, na ndani yake mipira miwili mipya. Kila mmoja ulikuwa na kibofu cha glavu tatu, moja ndani ya nyingine, ili usipasuke.

Saa moja na nusu nesi Scholastika alipokea zamu. Alisoma "Kila kitu kipo", akatia sahihi. Yeye naye boksi hakulifungua.

Dakika kumi baadaye ikaja bodaboda na abiria wawili nyuma ya dereva: binti mtu mzima, na mbele yake, kama mzigo wa mihogo, mama yake aliyezimia. Huyo mama alikuwa Bibi Eustakia, mkulima wa maharage kutoka Murusagamba, na alikuwa na homa ya siku tano. Walimshusha mlangoni. Kabla hajafika kitandani alianguka sakafuni chali, akaanza kutapika, na matapishi yalikuwa na damu. Yalimjaa kinywani. Alikuwa anazama ndani ya kinywa chake mwenyewe.

Nesi Scholastika alinyoosha mkono kwenye boksi. Vidole vikagusa karatasi ngumu.

"Kalista! Glavu!"

Kalista alitupa fagio akakimbilia stoo. Stoo hufunguliwa saa mbili. Akageuka mbio kuelekea wodi ya watoto, ng'ambo ya uwanja, kuazima.

Nesi anajua sheria. Sheria inasema jikinge kwanza, kwa sababu nesi akianguka, nani atamhudumia mgonjwa wa pili? Lakini Bibi Eustakia alifumbua macho akamwona, akamwita "mwanangu" kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani kwao, akamnyooshea mikono yote miwili kama mtu anayesalimia. Nesi Scholastika akapiga magoti. Akamgeuza ubavu kwa mikono mitupu, akaingiza vidole kinywani, akatoa kilichokuwa kinaziba. Yule bibi akavuta pumzi.

Kalista aliporudi anahema, na glavu mbili mkononi, alisimama mlangoni kama aliyepigiliwa msumari.

"Usiingie," nesi Scholastika alimwambia, bila kuinua kichwa. "Zitupe hapo. Nenda ukamwite daktari. Na usimguse mtu njiani."

Daktari Ildefonce, msimamizi wa idara, hakuhitaji kuangalia mara mbili. Aliufunga mlango. Aliuliza nani amemgusa mgonjwa, akatajiwa watu watatu: nesi, binti wa mgonjwa, mwenye bodaboda. Akasema hao hawaendi nyumbani. Nesi Scholastika alinawa kwa maji ya klorini mpaka ngozi ikapauka, na kile kidonda cha ndizi kikamwasha. Hapo ndipo alipokikumbuka.

Bibi Eustakia alifariki siku ya pili. Wataalamu walikuja kutoka mkoani na mavazi yao meupe, wakamzika wao. Binti yake alitazama kutoka dirisha la jengo la kutengwa. Kwa mila yao, maiti ya mama huoshwa na binti zake. Hakumwosha. Hakutupa hata konzi ya udongo kaburini. Nimebeba wagonjwa wengi na maiti wengi katika maisha yangu, lakini kilio cha yule dada pale dirishani sijakisikia tena, na sitaki.

Majibu ya maabara ya Bibi Eustakia yalipotoka, nesi Scholastika aliambiwa atatengwa siku ishirini na moja.

Jengo la kutengwa lilizungushiwa kamba, hatua ishirini kutoka ukutani. Kila jioni Adventina alisimama nyuma ya kamba, na mama yake akasimama dirishani. Hawakuweza kusikilizana vizuri. Kwa hiyo mama alikunja mikono mbele yake, kana kwamba ameshika ya mtu juu ya viwiko, na Adventina naye akakunja yake, kila mmoja ameshika hewa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Mechi ya Ijumaa haikuchezwa. Watu waliacha kushikana mikono. Sokoni muuza dagaa aliweka ndoo ya koki mbele ya meza, hununui kama hujanawa. Shuleni watoto wawili walihama dawati la Adventina.

"Mimi sihami," Happyness aliwaambia. "Mama yake yuko kule, yeye yuko hapa. Nyie mnaambukizwa na ujinga."

Lakini hata Happyness hakuugusa tena ule mpira.

Upande wa hospitali, swali lilikuwa moja: glavu ishirini zilikwenda wapi? Mtu wa mwisho kuziona alikuwa Kalista, na alikiri mwenyewe kwamba alizihesabu. Maneno yakaanza. Eti Kalista huuza glavu kwa wenye maduka ya dawa. Siku ya nne akapewa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Na ni Kalista huyohuyo aliyekuwa anampikia Adventina. Mtoto alipotoka shule alikuta ugali wa muhogo umefunikwa, maji ya kuoga yamechemka, sare imefuliwa. Watu walimcheka Kalista kwamba anamlea mtoto wa nesi aliyeponzwa na yeye mwenyewe. Yeye alijibu, "Mtoto hana kosa," akaendelea kukoroga sufuria.

Hana kosa. Adventina alimeza neno hilo pamoja na kila tonge, siku ya tano, ya sita, ya saba. 

Siku ya tisa, jioni, dirisha la jengo la kutengwa lilikuwa tupu. Adventina alisubiri mpaka jua likaingia nyuma ya vilima. Alitoka mtu mwenye vazi jeupe, akasimama mbali, akasema kwa sauti ya nyuma ya barakoa kwamba mama ameanza homa asubuhi hiyo, na aende nyumbani akaombe.

Alipofika nyumbani alimkuta Kalista anapiga pasi gauni lake la kanisani.

"Kesho naitwa kwenye kikao," Kalista alisema. "Nikitoka huko sina kazi. Nitarudi kwetu kulima. Ila usiogope, nitakuachia unga."

Adventina aliketi chini, pale pale mlangoni.

"Mama mdogo, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Glavu. Nilichukua. Za mpira."

Pasi ya mkaa ilibaki juu ya gauni. Kalista aliiinua iliponuka kuungua. Alama ya pasi, rangi ya kahawia, ilikuwa imebaki kifuani pa gauni. Alilikunja gauni. Halafu akauliza swali ambalo Adventina hakulitegemea.

"Umekula?"

"Hapana."

"Kula. Kesho utahitaji nguvu ya kulisema hilo mbele ya watu wakubwa. Mimi siwezi kukusemea. Nikikusemea watasema nimekupanga."

Asubuhi Adventina aliingia kwenye kikao na mpira kwapani. Mimi nilikuwa nje ya dirisha kwa ajili ya presha yangu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Aliwaamkia wote shikamoo. Daktari Ildefonce, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimwambia mkutano huu si wa watoto.

"Naomba kisu," Adventina alisema.

Akapewa mkasi. Alikata kamba za mgomba, akatoa matambara, akachana mifuko. Katikati zikatokea glavu tatu, moja ndani ya nyingine, zimekunjamana kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Akaziweka mezani.

"Nyingine tatu ziko kwenye mpira wa Happyness. Mama Kalista hakuiba. Mimi niliiba, na mama alipozitafuta hakuzipata."

 Daktari Ildefonce alizitazama zile glavu, na nadhani alikuwa anamwona nesi wake sakafuni.

"Ulichukua sita tu?"

"Sita tu, daktari."

"Zilikuwepo ishirini."

"Nilichukua sita."

Hapo ndipo mimi, kwa kupenda ukweli, nilipoingiza kichwa dirishani nikawaeleza habari za kunguru. Daktari alinitazama kama mtu anayetazama nzi, akasema, "Mzee Shibuda, presha yako tutaipima baadaye." Lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Kalista alirudishwa kazini siku hiyohiyo, ingawa kwa zile kumi na nne minong'ono ilimfuata bado. Daktari akaagiza boksi litoke dirishani, litundikwe ndani ukutani, na kwamba kuanzia siku hiyo anayekabidhi zamu na anayepokea wafungue pamoja, waone kwa macho, ndipo waandike. Aliagiza pia mgonjwa yeyote aulizwe habari za homa hukohuko getini, kabla hajaingia ndani walipo wengine.

Adventina alipofika mlangoni, daktari akamwita.

"Mama yako yuko vibaya. Sitakudanganya, kwa sababu wewe leo hukunidanganya."

Wiki mbili zilizofuata sitaziandika zote. Kulikuwa na siku ambazo yule mtu wa vazi jeupe alitikisa kichwa tu. Siku ya kumi na saba padri aliitwa, akasali akiwa nje ya kamba. Adventina alikwenda kila jioni, akakunja mikono yake mbele ya dirisha tupu, akasalimia hewa, akarudi. Kalista alimsubiri njiani na taa.

Siku ya ishirini na tatu mkono ulionekana dirishani. Mkono tu, umeshika nondo. Siku ya thelathini na sita nesi Scholastika akatoka, amekonda mpaka viatu vinampwaya, nywele zimenyonyoka, anatembea kama anayepima ardhi. Mwenye bodaboda na binti wa Bibi Eustakia walikwishatoka salama kabla yake. Majibu yake yalisema ni safi mara mbili, na daktari alimruhusu kushikana na watu.

Alizunguka nyuma ya nyumba kwa mazoea. Akavua viatu. Adventina akachukua jagi, akammiminia, maji mengine yakamwagikia miguu.

"Mama, usinishike kwanza. Nina jambo."

"Nalijua. Daktari aliniambia."

"Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Basi niambie."

Akamwambia yote, tangu boga la Happyness mpaka mkasi. Mama alimsikiliza huku akinawa. Alipomaliza kunawa alinyoosha mikono yake iliyobaki mifupa, akamshika mtoto wake juu ya viwiko. Walikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeuliza habari za mbuzi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokuwa imeishia nilipoisoma darasani. Mwalimu Benedicto alikuwa amemwalika nesi Scholastika aje kuwafundisha watoto kunawa mikono, na aliketi pembeni, kitambaa kichwani, akinisikiliza. Nilifunga daftari langu. Nilitegemea makofi.

Happyness alinyoosha mkono.

"Babu, kunguru anajua kufunga kifuniko?"

Darasa likacheka. Nikamwambia kwamba kunguru wa siku hizi wamesoma.

Ndipo aliposimama Adventina. Hakucheka.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Jumapili ile baada ya kikao nilikuja kwako kuazima pampu ya baiskeli. Hukuwepo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na madumu manne ya ndizi, na kila dumu lina glavu mdomoni. Zilikuwa zimevimba, vidole vimesimama juu. Nyingine zilizopasuka zilikuwa chini, kwenye majani. Nilizihesabu zote. Zilikuwa kumi na nne."

"Ile ni juisi ya ndizi," nikasema.

"Juisi haiinui mkono, babu," Happyness akasema, lakini polepole.

Mnisikilize, watoto. Ndizi zikichachuka ndani ya dumu zinatoa hewa. Ukiziba kwa kifuniko, dumu linapasuka. Ukiliacha wazi, nzi wanaingia. Glavu ni dawa ya hilo: inavimba, inasimama kama mtu anayepunga mkono, na ikilala unajua pombe imeiva. Nilijifunza mwenyewe, na nilijivunia. Jumanne ile mtoto alipoondoka na sita zake, nilifikiri: kama zimekwisha kuchukuliwa sita, zangu nani atazijua? Nikatia mfukoni mwa koti zote zilizobaki. Kifuniko nilikifunga mimi.

Nesi Scholastika hakuinuka. Alinitazama tu. Nimewahi kutazamwa na askari wa barabarani, na simba, na mke wangu marehemu. Hakuna aliyenifanya niangalie viatu vyangu kama yeye.

"Ulijua tangu lini?" Mwalimu Benedicto alimuuliza Adventina.

"Tangu Jumapili ile. Lakini ni mzee. Nilisubiri aseme mwenyewe. Leo nilidhani atasema."

Hilo ndilo lililonichoma. Mtoto alinisubiri.

"Mama Adventina," nikasema, "nimekukosea. Sina kunguru."

Aliongea kwa ile sauti yake iliyobaki na mikwaruzo ya ugonjwa.

"Aliyenikabidhi zamu hakufungua boksi. Mimi mwenyewe sikulifungua, na nilikwenda kazini na kidonda ambacho sikukifunga. Mwanangu alichukua sita. Wewe kumi na nne. Ukituuliza mmoja mmoja, kila mtu atasema chake kilikuwa kidogo. Ugonjwa haukuuliza kidogo cha nani. Ulipita pale tulipouachia." Akawageukia watoto. "Kitu cha kinga si cha anayekivaa peke yake. Ni cha mgonjwa, na cha mtoto anayemsubiri nesi nyumbani. Msikiguse. Na mkikosea, semeni mapema, kabla mwingine hajavishwa kosa lenu. Adventina alichelewa siku tisa. Mzee huyu amechelewa miezi mizima. Mama yenu Kalista ndiye aliyelipa siku hizo zote."

Kisha akanitazama. "Ulisema nini kuhusu pipa?"

Madumu niliyamwaga shambani, na migomba yangu ililewa siku tatu. Huo nao ni uongo, futeni. Niliyamwaga, nikayaosha kwa majivu na maji ya moto, nikayafunga kwenye baiskeli. Kwa Kalista nilikwenda kwanza, nikamwomba radhi mlangoni, nami sikumwamkia kwa mzaha kama kawaida yangu. Alinisikiliza, akanionyesha lile gauni la kanisani lenye alama ya pasi, akalirudisha sandukuni. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Tangu hapo, kila asubuhi nashuka bondeni na kupanda kilima na madumu manne. Nusu ya njia nasukuma, nusu nasimama kupumua. Watoto wakielekea shule wananipita, na Happyness huuliza kama kiboko wa Ruvubu amekataa kusaidia. Namwambia kweli: kiboko hayupo, hakuwahi kuwepo.

Asubuhi ya kwanza nesi Scholastika alikuwa mlangoni pa dharura, amerudi kazini, bado anapumzika kila baada ya hatua chache. Nilijaza pipa, nikajifuta jasho, nikamnyooshea mkono.

"Nawa kwanza, mzee," akasema.

Nikafungua koki, nikanawa kwa maji yangu mwenyewe, mpaka viwikoni. Hilo nalo ni kweli. Msiponiamini, muulizeni Adventina, maana ndiye anayehesabu madumu.